Uso unatoa mafuta, miguu imepauka: jibu kwa mama muuza chai wa Uyole

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nauza chai na vitafunwa hapa Uyole, Mbeya, meza naifungua saa kumi na moja alfajiri. Uso wangu una mafuta, chunusi na madoa meusi mashavuni, lakini mwili umekauka, hasa miguu. Nikijikuna unatoka unga. Usiku nawashwa. Halafu magokoni imetoka michoro myeusi kama wavu. Tangu Pasaka usoni napaka krimu niliyochanganyiwa na dada mmoja wa duka la vipodozi. Mwanzo nilitakata kweli, kila mteja alisema. Sasa nikiiacha siku mbili uso unawaka moto na vipele vinajaa. Mwilini naogea sabuni ya mche na maji ya moto sana, baridi unaijua. Nataka uso na mwili viwe rangi moja, viwe laini. Ninunue nini? Na mwanangu wa mwaka mmoja mashavu yanampasuka, nimpake hiyo hiyo? Ndaga (asante)."

Marahaba, mdogo wangu.

La mtoto kwanza, maana halisubiri. Usimpake krimu hiyo, hata kidogo. Na ukiwa umeipaka wewe, usimlaze shavu kwa shavu. Mashavu yake yanapasuka kwa sababu ya baridi, upepo na udenda unaokauka juu yake. Mfute kwa kitambaa laini chenye maji, kausha kwa kugusagusa, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu kabla hujamtoa nje, na urudie kila akimaliza kula. Ikiwa mipasuko inatoa majimaji ya njano au anajikuna viwiko na nyuma ya magoti hadi anakosa usingizi, hiyo huenda ni pumu ya ngozi, apelekwe kliniki. Zaidi ya hapo mtoto wako hana tatizo kubwa.

Mwenye tatizo ni wewe, na tatizo lenyewe limo ndani ya hilo kopo.

Krimu za kuchanganyiwa dukani haziandikwi kilichomo, lakini dalili zako zinasema mengi. Uso kutakata ndani ya wiki mbili, kisha ukiacha unawaka moto na vipele vinarudi kwa hasira kuliko mwanzo: hiyo ni tabia ya steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe na muwasho. Anayechanganya hununua tyubu ya klobetasoli au betamethasoni kwenye duka la dawa, au zile tyubu zenye dawa tatu kwa pamoja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, akazikamulia ndani ya losheni ya kawaida, akakoroga kwa kijiko. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Sisi huiandika kwa ngozi nene, viganja na nyayo, au kwa ugonjwa mgumu, tena kwa wiki chache. Ngozi ya shavu ni nyembamba, ya kope ni nyembamba zaidi, na wewe umeipaka kila siku kwa miezi.

Kinachotokea ni hiki. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe, kwa hiyo wekundu na vipele vinatulia na rangi inapungua. Ndiyo ile wiki ya sifa. Dawa ikiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, malaika ya mashavuni yanarefuka, na chunusi zinatoka zenye ukubwa mmoja, nyingi, zimejipanga mashavuni na kuzunguka mdomo. Ukiacha, mishipa iliyobanwa inafunguka yote kwa pamoja na uso unawaka. Mtu anaona, kumbe krimu ilikuwa inanisaidia, anarudi dukani. Hapo ndipo biashara ilipo. Ikikaribia macho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na mwenye fangasi usoni anaifunika tu: juu panatulia, chini inaenea.

Steroidi huenda haiko peke yake. Mikorogo mingi huwa pia na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki, na zote mbili zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi imekuwa ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Haidrokwinoni daktari anaweza kuitumia kwa uangalizi, kwa kiasi na kwa muda. Ya kopo haina kipimo wala mwisho, na mtu akiipaka miaka kadhaa huku anakaa juani, mashavuni hutokea weusi wa bluu-bluu ambao haufutiki kirahisi, hata kwa mashine za gharama. Nimewaona wanawake waliotaka kuwa weupe wakaishia kujitanda mtandio hadi machoni. Zebaki nayo haiishii usoni, hupenya ikafika kwenye figo, na hushikika kwenye mto, kwenye taulo na kwenye shavu la mtoto anayelala kwako. Ndiyo sababu nimeanza na mtoto. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kwamba vipodozi vyenye zebaki viondoke sokoni kufikia 2025, ila mkataba haukagui kila kopo linaloingia soko la Mwanjelwa.

Sikulaumu. Mtu anayesimama mbele ya wateja tangu alfajiri anataka uso unaopendeza, na mtu aliyemwambia "umetakata" hakuwa na nia mbaya.

Sasa, kuiacha. Usiende tena kuongezewa, na usihamie kopo lingine la jirani. Lakini pia usibaki nyumbani unapambana nayo peke yako, kwa kuwa umeipaka miezi mingi. Nenda kliniki ya ngozi hospitali ya rufaa, beba kopo. Kuna wanaosimamishwa mara moja na kutibiwa ule mwako. Kuna wanaoshushwa polepole kwa steroidi dhaifu kabla ya kuacha kabisa. Mara nyingi tunaongeza vidonge vya kutuliza vipele kwa wiki kadhaa. Inategemea umepaka nini, wapi, kwa muda gani. Kama umeanza kuipaka na mwilini pia, sema, usione aibu. Steroidi kali ikipakwa eneo kubwa kwa muda mrefu inaingia kwenye damu na mwili unapunguza kutengeneza ya kwake, na kuacha ghafla hapo ni hatari kweli, si suala la urembo.

Nikuandae: wiki za mwanzo uso utakuwa mbaya kuliko ulivyo leo. Utawaka, utakuwa mwekundu-mweusi, utachubuka. Huo ni mwili unaojitoa kwenye dawa, unapita, kwa wengine wiki chache, kwa wengine miezi. Kitambaa cha maji baridi, mafuta ya mgando kidogo sana, basi. Kipindi hicho usiongeze kitu kingine chochote usoni: hakuna skrabu, hakuna asali, hakuna manjano, hakuna dawa ya meno juu ya kipele. Limau ndiyo usithubutu kabisa. Maji ya limau au ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, yanaunguza na kuacha alama nyeusi za miezi.

Tuje mwilini, ambako kazi ni nyepesi na furaha inakuja haraka.

Kaa mahali penye mwanga, ukwaruze ugoko taratibu kwa ukucha. Kama ukucha unaacha mstari mweupe, kiasi kwamba ungeweza kuandika jina lako, ngozi yako haina maji. Nilipokuwa nafanya kazi Njombe hicho kilikuwa kipimo changu cha kwanza kuanzia Juni hadi Agosti, kabla mgonjwa hajaeleza lolote. Nyanda za juu kusini zina kipupwe cha kweli. Mbeya mjini uko kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ni juu zaidi, na miezi hiyo hewa ni baridi, kavu, upepo hauishi na mvua hakuna. Hewa baridi hubeba unyevu kidogo, kwa hiyo inaunyonya kutoka kwako. Shemeji yako wa Kyela kule chini ziwani, au hata wa Tukuyu wanakopata mvua nyingi, anaweza kuoga sabuni ile ile na asipauke. Hana ngozi bora kuliko yako, ana hewa yenye maji.

Juu ya hewa hiyo, wewe unaongeza ndoo ya maji ya moto na sabuni ya mche. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua). Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10, na ya mche imetengenezwa ing'oe mafuta kwenye kola ya shati. Katikati ya seli za juu za ngozi kuna mafuta yanayozishikanisha kama udongo kati ya matofali ya nyumba. Maji ya moto yanayalainisha, sabuni inayabeba, dodoki linamalizia, na asubuhi upepo wa Uyole unapita kwenye nyufa. Muwasho wa usiku unaanzia hapo. Unaoga, unajisikia vizuri dakika kumi, ukiingia kitandani na joto la blanketi unaanza kujikuna.

Hapa kuna swali moja lazima ujijibu kabla hujaendelea. Nyumbani kuna mwingine anayewashwa usiku? Je, una vipele katikati ya vidole, kwenye mikono karibu na saa inapokaa, kiunoni, chini ya matiti? Kama ndiyo, huo ni upele, yaani wadudu, na mafuta hayatausaidia. Mnatibiwa nyumba nzima usiku mmoja, mwenye kuwashwa na asiyewashwa, kwa dawa ya kupaka kama BBE, kwa watoto ikiwa imezimuliwa kama mtakavyoelekezwa, na shuka na nguo zinafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ukitibiwa peke yako utarudi kuandika tena mwezi ujao.

Kama jibu ni hapana, basi fanya hivi.

Maji yawe ya uvuguvugu. Najua Julai yanaudhi, lakini oga haraka, dakika tano hadi kumi zinatosha, na usioge mara mbili kwa siku kama hujachafuka. Sabuni ipitie kwapa, kinena, nyayo na mahali penye jasho au masizi. Ugoko na mgongo maji yanatosha siku nyingi. Mche ubaki kwenye beseni la nguo. Tafuta sabuni ya kuogea isiyo na harufu kali, ile ya watoto inafaa, au ya maji isiyo na ukali. Dodoki liweke kando hadi mvua za Novemba. Usijifute kwa kusugua, gusagusa tu na ubaki na unyevunyevu.

Halafu unazo kama dakika tatu. Hapo hapo bafuni, kabla ya kuvaa, kabla ya kwenda kumwangalia mtoto, chota maji kidogo kiganjani, dondoshea gliserini matone machache, changanya kwa viganja viwili, paka mikono, miguu, tumbo. Gliserini huvuta maji. Ukiipaka yenyewe bila maji kwenye hewa kavu kama yenu inanata, na inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi, ndiyo maana wengi wanasema "gliserini inanikausha". Usiichanganye na maji ukaijaza kwenye chupa ya mwezi mzima, itaota vijidudu. Changanya ya siku hiyo mkononi. Juu yake paka mafuta ya mgando, tabaka jembamba, kuyafungia maji yasitoke. Kopo la mafuta ya mgando ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa dukani, na kwa kuzuia maji kupotea sijaona losheni ya bei kubwa inayolishinda. Ubaya wake ni kuganda kwenye nguo na vumbi kushika. Mchana unaweza kutumia losheni, usiku ukapaka ya mgando.

Mtaniuliza kuhusu mafuta ya kwetu. Ya alizeti, ambayo Iringa hayakosekani, ni mazuri kwa ngozi ya mwili. Yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujijengea ukuta wake. Yasafishwe vizuri tu, yasinuke kama jikoni. Ya parachichi, siku hizi yanakamuliwa huku huku Njombe na Rungwe, yanalainisha, ila hayana miujiza inayoandikwa kwenye chupa, na bei inayotozwa ni ya chupa. Ya nazi yanafaa mwilini, lakini usoni kwako wewe mwenye chunusi yaache, yanaziba vitundu vya vinyweleo.

Kisigino chenye magaga kinataka zaidi. Ndala na yeboyebo zinaacha kisigino wazi kwenye baridi na vumbi, uzito wa kusimama tangu alfajiri unakipanua, kinapasuka. Loweka miguu dakika kumi kwenye uvuguvugu, sugua kwa jiwe taratibu mara mbili kwa wiki, paka krimu ya yurea ukiipata duka la dawa, asilimia 20 au zaidi, juu mafuta ya mgando, vaa soksi ulale. Wembe usikaribie, na kama una kisukari hata jiwe uache hadi uonwe.

Sasa ile michoro ya wavu magokoni, ambayo naona uliitaja kwa haraka kana kwamba ni jambo dogo. Nakuona kabisa ulivyokaa: kigoda, jiko la mkaa kati ya miguu au chini ya meza, sketi umeipandisha kidogo, sufuria ya chai juu. Joto lisilounguza, lakini linalopiga mahali pale pale kila alfajiri, linaharibu mishipa midogo na kuacha rangi ya kahawia kwa umbo la mishipa hiyo, ndiyo wavu. Wakinamama wa Makete na Njombe wanaoota moto wanayo, na wengi wanadhani ni uzee au wamerogwa. Hakuna krimu ya kuiondoa wakati jiko bado lipo. Sogeza jiko mbali na mwili, weka ubao au bati kati yake na miguu, vaa soksi ndefu au suruali nzito badala ya kuota. Iliyo mpya hufifia kwa miezi. Iliyokaa miaka inaweza kubaki, na ikitokea kidonda au uvimbe juu ya ngozi hiyo, usisubiri, nenda uonwe. (Na jiko la mkaa lisiingie ndani mnakolala, hata kama baridi imefika kwenye mifupa. Gesi yake inaua watu usingizini, nawe una mtoto.)

Jiko hilo hilo linahusika na uso wako. Unainama juu ya karai la maandazi, mvuke wa mafuta unapanda, unatua kwenye paji na mashavu. Joto lenyewe hukoleza aina ya madoa meusi yanayokaa mashavuni kama ramani pande mbili, yale ambayo pia huletwa na mimba na njia za uzazi wa mpango zenye homoni. Kisha saa nne jua linapanda na wewe bado uko mezani. Kwa hiyo madoa yako yana baba zaidi ya mmoja: alama za chunusi ulizotumbua, joto, jua, labda homoni, na krimu iliyoiacha ngozi bila kinga. Ndiyo sababu nasita kukuandikia jina la kipodozi kimoja cha "kutoa madoa".

Watu wa baridi hawaamini jua lao. Mtu wa Dar analiona jua kwa sababu linamchoma. Wewe una sweta saa tano asubuhi, utalionaje? Lakini miale inayodhuru ngozi si ile inayotoa joto. Kila ukipanda meta 1,000 huongezeka kwa takriban asilimia 10, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Mbeya mnapata jua kali kuliko Bagamoyo, huku mmevaa makoti. Wingu la Julai huipunguza kidogo tu.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, na saratani ya ngozi kwetu ni nadra ukilinganisha na Wazungu. Ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo hata kidogo, kwao kukinga jua ni uhai. Kwa ajili yao hutengenezwa Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, losheni ya kukinga jua iitwayo KiliSun. Kwako wewe faida ya kukinga jua ni madoa. Hakuna dawa ya madoa inayoshinda jua la kila siku. Utapaka usiku, mchana litarudisha.

Anza na vya bei nafuu. Kofia pana ya pama, au kanga iliyovutwa mbele ya paji. Mwavuli mkubwa wa meza, ukihamishwa kadiri jua linavyozunguka, maana naona wengi wanausimika asubuhi na saa nane kivuli kiko barabarani. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri ndio wakati wa kujibana kivulini. Losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi (SPF ni namba ya nguvu ya kinga, huandikwa kwenye chupa) ni ya tatu, ukimudu. Kiasi ni mistari miwili kwenye urefu wa vidole viwili, kwa uso na shingo, na kurudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Wanaopaka kama punje ya mchele wanatupa hela. Kwa madoa ya mashavuni zile zenye rangi ya kahawia ni bora zaidi, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoleza rangi kwenye ngozi nyeusi. Isikuache na jivu usoni; ijaribu kwenye taya kabla hujalipa. Lakini usiipake wakati uso unawaka baada ya kuacha mkorogo, subiri itulie.

Ukiisha kutulia, uso wako unataka mambo machache. Osha mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, na mara baada ya kumaliza kukaanga futa uso kwa kitambaa chenye maji. Paka losheni nyepesi isiyo na mafuta mengi. Ndiyo, hata uso wa mafuta unahitaji. Mafuta na maji ni vitu viwili, na uso unaweza kumwaga mafuta huku umekosa maji. Kwa chunusi, daktari wako anaweza kukupa benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Anza usiku mmoja uruke mmoja, na ujue inafubaza rangi ya foronya na kitenge. Asidi ya azelaiki inatibu chunusi na madoa kwa pamoja na haina tatizo kwa mjamzito. Krimu za kundi la vitamini A zina nguvu, ila mjamzito asizitumie.

Usitumbue. Doa la chunusi iliyotumbuliwa kwenye ngozi yetu hukaa miezi mitatu hadi sita, na lililozama ndani linaweza kuvuka mwaka. Kunywa maji mengi hakulainishi ugoko, labda kama ulikuwa na kiu. Sukari nyingi kwenye chai inaweza kuongeza chunusi kwa baadhi ya watu. Ijaribu, haigharimu kitu.

Kuhusu rangi moja. Simama dirishani, geuza mkono, tazama upande wa ndani wa mkono juu ya kiwiko, karibu na kwapa, mahali jua halifiki na hukupaka mkorogo. Hiyo ndiyo rangi yako. Uso hauwezi kudumu mweupe kuliko hapo bila kuumizwa, na kwa kawaida huwa mweusi kidogo kuliko hapo kwa kila binadamu anayetoka nje. Lengo letu ni uso ukaribie hapo, usiwe na mabaka. Linafikika, kwa miezi.

Orodha yako ya dukani basi ni fupi: sabuni laini moja ya uso na mwili, chupa ya gliserini, kopo la mafuta ya mgando, kofia. Losheni ya jua baadaye. Ukinunua chochote chenye lebo, soma. Kisichoandikwa kilichomo, kilichofungwa mkononi, au kinachoahidi kukutakatisha kwa siku saba, kiache mezani kwake.

Kuna mambo ambayo hayasubiri foleni ya urembo. Doa lenye rangi hafifu lisilosikia ukiligusa kwa pamba linaweza kuwa ukoma. Unatibika na dawa zake ni bure. Kidonda kinachopita mwezi bila kupona. Doa jeusi linalokua chini ya unyayo au mstari mweusi unaotanuka kwenye ukucha: saratani inayotuhusu sisi watu weusi hupenda kujificha hapo, ndiyo iliyoanzia kwenye kidole cha mguu cha Bob Marley.

Siku ya kliniki usipake kitu usoni tangu asubuhi, ngozi ionekane ilivyo. Beba kopo na tyubu zote, hata zilizokwisha. Taja sindano, vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango kama unatumia, sema kama unanyonyesha au umekosa hedhi, kwa maana dawa tunazochagua zinabadilika hapo. Na uende na mtoto.